Siku 194: Urefu wa Mwaka wa Shule na Muda Halisi wa Kujifunza katika Elimu ya Msingi Tanzania Bara, 1961–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza kwa mtazamo wa kihistoria iwapo kurefusha mwaka wa shule huboresha elimu ya watoto. Mfano mkuu ni elimu ya msingi Tanzania Bara tangu Uhuru hadi mwaka 2025. Mifano ya Ujerumani Magharibi (1966–1967) na Indonesia (1978–1979) imetumika kwa ulinganishi. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho muda wa kujifunza wa mtoto ulipotea ndani ya siku ya shule, si katika kalenda, na kwamba hasara hiyo huwaangukia zaidi watoto ambao nyumbani kwao hakuna pa kuifidia.

Utangulizi

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Darasa la Saba, swali la muda hurejea: je, watoto hukaa shuleni kiasi cha kutosha? Wapo wanaopendekeza likizo zifupishwe, na wapo wanaotaka kila muhula uongezewe wiki kadhaa. Pendekezo hili lina mvuto wake, kwa kuwa kalenda hubadilishwa kwa waraka mmoja. Darasa halijengwi kwa waraka, wala mwalimu hapatikani kwa waraka.

Kalenda rasmi ya shule za msingi Tanzania Bara ina siku 194 za masomo zilizogawanywa katika mihula 2. Kipindi cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30; kuanzia Darasa la Tatu ni dakika 40. Namba hizo hubandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu na hunukuliwa katika sera. Historia inayofuata ni ya umbali uliokuwapo kati ya namba hizo na kile mtoto alichokipata akiwa ameketi darasani.

Miaka kabla ya siku

Wakati wa Uhuru, mjadala wa urefu wa mwaka wa shule usingekuwa na maana kwa wazazi walio wengi. Mfumo uliorithiwa kutoka kwa Waingereza uliwapa watoto wachache miaka 4 ya mwanzo, kisha ukawachuja kwa mtihani kabla ya kuwaruhusu wachache zaidi kuingia shule ya kati, Darasa la Tano hadi la Nane. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko lake la Machi 1967, Julius Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi Tanganyika, na wengi wao waliishia Darasa la Nne. Kwa mtoto aliyerudi kuchunga mbuzi akiwa na umri wa miaka 11, wiki mbili zaidi za muhula zisingebadilisha jambo. Alichokikosa ni miaka yenyewe.

Serikali mpya ililijibu tatizo hilo kwa hatua mbili zinazoonekana kupingana. Kwa upande mmoja, ilianza kuondoa uchujaji wa mapema ili mtoto aliyeanza shule afike mwisho wa elimu ya msingi. Kwa upande mwingine, katikati ya miaka ya 1960 Darasa la Nane lilifutwa, na elimu ya msingi ikawa ya miaka 7. Mantiki yake ilikuwa ya usawa: walimu, vyumba na fedha zilizotumika kwa mwaka wa nane wa wachache zihamishiwe kwenye mwaka wa tano na wa sita wa wengi. Kufikia mwaka 1967 idadi ya wanafunzi ilikuwa imefika 825,000. Ni vigumu kuulaumu uamuzi ule. Hata hivyo uliacha desturi iliyodumu katika sera ya elimu nchini, ya kuuchukulia muda wa shule kama akiba inayoweza kukatwa panapokuwa na upungufu, kwa matumaini kwamba kile kilichokuwa kikifundishwa ndani yake kitapata mahali pengine.

Mwaka huohuo wa 1967 ulileta uamuzi mwingine ambao kwa kawaida hujadiliwa kama suala la utaifa, si la muda. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi, madarasa ya juu yakiwemo, ambako awali Kiingereza ndicho kilichotumika. Kwa mtazamo wa insha hii, huenda hiyo ndiyo nyongeza kubwa kuliko zote ya muda wa kujifunza iliyopata kutolewa Tanzania Bara, na ilitolewa bila kuigusa kalenda. Saa ya hesabu ikawa saa ya hesabu. Kabla ya hapo, sehemu yake ilikwenda katika kutafsiri swali kabla ya kulijibu.

Jembe ndani ya ratiba

Elimu ya Kujitegemea ilikuwa na mengi ya kusema kuhusu muda, ingawa wasomaji wake wengi hukumbuka shamba tu. Nyerere alianza na ukweli mchungu, kwamba ni takribani asilimia 13 tu ya waliomaliza elimu ya msingi mwaka ule wangepata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo elimu ya msingi ilipaswa kujitosheleza. Badala ya kudai miaka zaidi, alishauri mtoto aanze shule akiwa mkubwa zaidi, miaka 7 au 8, ili amalize akiwa na umri wa kuweza kushika kazi. Aidha, aliigusa kalenda moja kwa moja. Shule yenye shamba na mifugo, alieleza, haiwezi kufungwa yote kwa pamoja wakati wa kupanda, kupalilia au kuvuna. Hivyo likizo zingeweza kupangwa kwa zamu, madarasa yakipishana. Kwa lugha ya leo, hilo ni pendekezo la shule inayofanya kazi mwaka mzima, lililotolewa miaka mingi kabla mjadala huo haujarejea kwa jina hilo katika nchi tajiri.

Likizo za zamu hazikuwa sura ya kawaida ya shule za msingi. Kilichoshika mizizi ni jembe. Katika shule nyingi kazi za mikono ziliingia katika ratiba, na pale usimamizi ulipolegea zikaivuka: kuchota maji, kukata kuni, kufagia uwanja, kulima shamba la shule, na katika lawama zilizosikika mara kwa mara, shamba la mwalimu pia. Falsafa ilitaka kazi iwe somo, mwanafunzi apime nafasi za mistari, aweke hesabu za mavuno na ajadili matumizi ya fedha. Hayo yalihitaji mwalimu mwenye maandalizi na nafasi ya kupumua. Pasipokuwa na maandalizi hayo, kazi iligeuka adhabu au njia ya kuwashughulisha watoto ambao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha. Siku ilihesabiwa katika daftari la mahudhurio kama siku ya masomo, na kwa mujibu wa kalenda hakuna kilichopungua.

Ipo hatari ya kuzibeza kazi hizo zote kwa pamoja. Vyumba vya madarasa vilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na wanafunzi na wazazi wao, na bila maji ya asubuhi uji wa mchana haukupikwa. Gharama za shule ambazo serikali haikuweza kuzilipa kwa fedha zililipwa kwa saa za watoto.

Zamu ya asubuhi na zamu ya mchana

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha lengo la elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa wa utekelezaji. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliyafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Uandikishaji ulipanda kutoka takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Kwa nchi yenye kipato kile, haya ni mafanikio ya kihistoria, na watafiti wa nje waliyatambua hivyo.

Walimu hawakuweza kuandaliwa kwa kasi hiyo katika vyuo. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa na kufunzwa vijijini kwa utaratibu wa masafa, kwa vijitabu, redio na wakufunzi waliozunguka, huku wakifundisha madarasa ya chini. Vyumba navyo havikutosha. Suluhisho likawa zamu: kundi moja la Darasa la Kwanza au la Pili huja asubuhi, jingine huja mchana, mwalimu na dawati ni walewale. Kila mtoto alibaki na siku zake zote katika kalenda, lakini kila siku ilikuwa nusu ya siku. Ikumbukwe kwamba waliopewa nusu hiyo ni watoto wanaojifunza herufi kwa mara ya kwanza. Katika ngazi ya elimu ambayo saa moja ya mwalimu ina thamani kuliko zote, ndipo saa zilipokatwa.

Miaka ya 1980 ilizidisha hali hiyo. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, kushuka kwa mapato ya mazao, kisha masharti ya marekebisho ya uchumi viliacha shule bila chaki na walimu wakiwa na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Karo ilirejeshwa. Uandikishaji uliokuwa umekaribia kuwafikia watoto wote uliporomoka hadi takribani asilimia 70. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza pamoja na mambo mengine kwamba Kiswahili kiendelee kutumika kufundishia hadi sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Kwa wahitimu wa Darasa la Saba, miezi ya mwanzo ya Kidato cha Kwanza ikaendelea kuwa muda wa kubahatisha maana ya maneno ya mwalimu, na miaka 4 ya sekondari ikawa mifupi kuliko ilivyoandikwa.

Saa 2 na dakika 4

Karo ya shule za msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 hadi zaidi ya milioni 7 kufikia mwaka 2005. Vyumba vilijengwa kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana tangu miaka ya 1970, na vitabu vilinunuliwa. Muongo mmoja baadaye, upimaji wa Uwezo ulionyesha kwamba takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Hawa hawakuwa watoto waliokosa shule. Walikuwa shuleni kwa mwaka wa tatu, wakifundishwa katika lugha ya taifa.

Maelezo ya sehemu ya kitendawili hicho yalipatikana mwaka 2010, katika utafiti wa viashiria vya utoaji huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na washirika wake. Watafiti walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu nani yuko wapi. Asilimia 23 ya walimu hawakuwapo shuleni. Ukijumlisha waliokuwapo shuleni lakini nje ya darasa, asilimia 53 hawakuwa wakifundisha. Ratiba ilimpa mwanafunzi saa 5 na dakika 12 za kufundishwa kwa siku. Alizozipata ni saa 2 na dakika 4.

Namba hizo zinastahili kupigiwa hesabu. Siku 194 za saa 5 na dakika 12 ni takribani saa 1,009 kwa mwaka. Siku hizohizo za saa 2 na dakika 4 ni takribani saa 401. Ili kumfikisha mtoto katika saa 1,009 kwa mwendo ule wa mwaka 2010, mwaka wa shule ungehitaji siku 488, na mwaka wa jua hauna siku hizo. Nyongeza ya siku 20, ambayo ni ongezeko kubwa kwa kipimo cha sera yoyote, ingezaa saa 41. Dakika 15 zaidi za kufundisha katika kila siku iliyopo zingezaa saa zaidi ya 48, bila kumwita mtoto shuleni hata siku moja ya ziada.

Takwimu za aina hii hutumiwa kirahisi kuwashutumu walimu, na shutuma hiyo inahitaji kutazamwa kwa uangalifu. Mwalimu aliye shuleni lakini nje ya darasa mara nyingi anasahihisha madaftari ya darasa la watoto zaidi ya 70, anajaza fomu, anasimamia ujenzi, au amechoka. Mwingine amekwenda mjini kufuatilia mshahara. Mwingine hana nyumba karibu na shule. Na mwingine, ndiyo, yuko chini ya mwembe. Daftari la mahudhurio haliwatofautishi. Jambo ambalo historia inaweza kulisema ni kwamba desturi ya saa isiyo na mwalimu haikuzaliwa mwaka 2010. Ilirithiwa kutoka katika siku za jembe na za zamu, wakati shule nzima ilijifunza kuendesha siku ya masomo bila masomo.

Kalenda ilipobadilishwa peke yake

Ushahidi wa Tanzania una udhaifu mmoja: muda haukupungua peke yake. Ulipopungua, walimu, vitabu na lishe navyo vilikuwa vimepungua. Kwa hiyo ni muhimu kutazama mahali ambapo kalenda ilibadilika na mengine yakabaki karibu kama yalivyokuwa.

Mahali hapo ni Ujerumani Magharibi. Hadi katikati ya miaka ya 1960 majimbo mengi yalianza mwaka wa shule majira ya kuchipua, ilhali Bavaria ilianza majira ya vuli. Baada ya mapatano ya wakuu wa majimbo ya mwaka 1964, wote walikubaliana kuanza baada ya likizo ya kiangazi. Ili kufika huko, majimbo mengi yaliweka miaka miwili mifupi ya shule kati ya Aprili 1966 na Julai 1967, kila mmoja ukiwa na takribani wiki 24 za masomo badala ya 37. Wanafunzi walipandishwa madarasa na mtaala ulitarajiwa kumalizwa. Mwanauchumi Jörn-Steffen Pischke, katika makala yake ya mwaka 2007, alifuatilia matokeo. Watoto wengi zaidi walikariri madarasa katika shule ya msingi, na wachache zaidi waliingia katika shule za sekondari za ngazi ya juu. Hata hivyo, mapato na ajira zao walipokuwa watu wazima hazikuonyesha hasara.

Indonesia ilifanya kinyume. Mwaka 1978 serikali ilihamisha mwanzo wa mwaka wa shule kutoka Januari hadi Julai, na mwaka uliokuwa ukiendelea ukarefushwa kwa miezi 6. Rasyad Parinduri, katika utafiti wa mwaka 2014, aligundua kwamba waliopata miezi hiyo walikariri madarasa kwa nadra zaidi, walisoma miaka mingi zaidi, na baadaye walipata mishahara mikubwa zaidi.

Tofauti ya matokeo hayo mawili ndiyo inayofundisha. Ujerumani ya mwaka 1966 ilikuwa nchi yenye walimu waliohitimu, vitabu, na wazazi wengi waliokuwa wamesoma. Mtoto wa kawaida aliyepoteza wiki 26 alizifidia mahali pengine. Aliyezikosa moja kwa moja ni yule aliyekuwa tayari anasuasua, naye ndiye aliyekariri darasa. Indonesia ya mwaka 1978 haikuwa na akiba hiyo nyumbani, na miezi ya ziada ikaleta faida iliyodumu. Kwa hiyo si kweli kwamba muda si kitu, kama wanavyodai baadhi ya wapinzani wa mwaka mrefu. Muda una thamani kubwa zaidi mahali ambapo shule ndiyo chanzo pekee cha maarifa hayo, yaani mahali kama vijiji vingi vya Tanzania, alimradi ndani ya muda huo yupo anayefundisha.

Anayefidia na asiyefidia

Kwa hakika mwaka wa shule Tanzania ulikwisha kurefushwa, lakini si na serikali. Wazazi wa mijini wameurefusha kwa tuisheni za jioni, za Jumamosi na za likizo. Shule zimeurefusha kwa kambi za kitaaluma za madarasa ya mitihani. Katika nchi jirani ya Kenya desturi hiyo ilienea kiasi kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo, na bado hayakukoma. Marufuku pekee hayawezi kuyamaliza, kwa kuwa mzazi anayelipa tuisheni anajua jambo ambalo kalenda hailisemi: saa alizoahidiwa mwanawe hazikutolewa zote. Ananunua upya kitu ambacho sheria imempa bure.

Mzazi asiye na fedha hanunui. Kwake likizo ina maana tofauti kabisa. Ni majira ya kupalilia au kuvuna, mikono ya mtoto inahitajika, na siku 20 za ziada shuleni ni siku 20 zilizotolewa shambani. Akiziona siku hizo zikiishia kwa mtoto kufagia uwanja na kurudi nyumbani saa 6 mchana bila kuandika kitu, utoro utakuwa uamuzi wa busara kwa kaya hiyo. Sheria ya mwaka 1978 inaweza kumshtaki mzazi huyo. Haina kifungu cha kumlipa mtoto saa zilizopotea.

Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, lililozinduliwa Dodoma Februari 2025, linaweka elimu ya lazima ya miaka 10: miaka 6 ya msingi na miaka 4 ya sekondari ya chini. Kwa jumla mtoto ataongezewa miaka. Lakini kwa mara ya pili tangu Uhuru elimu ya msingi yenyewe inapunguzwa mwaka mmoja, kutoka 8 hadi 7 katika miaka ya 1960, na sasa kutoka 7 hadi 6. Mtoto ambaye kwa mwendo wa mwaka 2010 angepata takribani saa 2,800 za kufundishwa katika miaka 7 atapata 2,400 katika miaka 6, kisha atavuka kwenda sekondari ambako lugha ya kufundishia hubadilika. Mwendo ukifika hata saa 3 na nusu kwa siku, miaka hiyo 6 itampa zaidi ya saa 4,000, nyingi kuliko alizozipata ndugu yake mkubwa katika miaka 7. Daftari la mahudhurio ya wanafunzi haliwezi kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili linatokea, kwa sababu halina safu ya kuandika nani alifundisha nini, na kwa dakika ngapi.